Rejista ya Ndama Haifunguki

Jumatatu, 5 Septemba 2005

Nimefuta vumbi kwenye kibodi mara mbili na bado saa nne haijafika. Upepo wa Karatu mwezi huu unapenya hata dirisha lililofungwa. Fomu za mwisho za kijiji cha Kakesio nilimaliza kuziingiza Ijumaa, nikazifunga kwenye mfuko, zikapanda basi kwenda makao makuu Dar. Ndiyo utaratibu wa mradi: zikishaingia kwenye mashine, karatasi zinaondoka.

Leo ni kukagua tu. Ndama mia nne na tisa. Kila mmoja ana namba ya hereni ya sikioni, jina la mwenye mali, boma, siku aliyochanjwa, na mahali mifugo ilipohamia kutafuta majani.

Chanjo ya ndigana kali, homa inayoletwa na kupe, si kama chanjo nyingine. Unampa ndama ugonjwa wenyewe, na dakika hiyohiyo unamchoma dawa ya kuupunguza makali. Wengi hawashtuki. Wachache homa inawapanda kuanzia wiki ya pili, na hao wasipofuatwa kwa dawa wanakufa. Kwa hiyo Daktari Lohay, daktari wetu wa mifugo, amepanga kurudi kila boma siku ya kumi na nne. Maboma ya kwanza ni Ijumaa hii.

Makao makuu wametuma programu mpya ya kutengeneza ripoti. Inakataa kuingia. Inataka toleo jipya la Linux, na mimi bado niko kwenye la zamani. CD za toleo jipya ninazo. Daktari amesema nisubiri ziara za Kakesio ziishe. Wiki mbili nzima, kwa kazi ya saa tatu. Sioni sababu.

Jumanne, 6 Septemba

Sikusubiri.

Nilianza saa mbili na nusu asubuhi. CD ya kwanza vizuri, ya pili vizuri. Saa tano na robo umeme ukakatika. Ile betri ya akiba chini ya meza ilikufa tangu Mei, na mimi ndiye niliyepaswa kuandika barua ya kuomba nyingine.

Umeme umerudi saa nane. Mashine imewaka. Rejista haifunguki.

Umeme ulikatika pale hasa ambapo haukutakiwa kukatika. Mashine ilikuwa imeanza kutoa nakala ya data ili iihamishie kwenye programu mpya ya rejista. Nakala imeishia katikati. Programu ya zamani imeshafutwa. Mpya imeingia, inatazama data yetu na kujibu kwamba imeandikwa na toleo la zamani, haiwezi kuisoma. Data ipo. Naliona faili lake na ukubwa wake. Ni kama kusimama nje ya chumba chako huku ufunguo uko ndani.

Nakala ya akiba niliyotengeneza mwenyewe ni ya Julai. Kakesio ilichanjwa mwisho wa Agosti.

Sijamwambia mtu. Nimeaga nikaondoka. Sikula.

Jumatano, 7 Septemba

Kabla ya kugusa chochote nimenakili faili lote la data kwenye diski ya pili, nikaichomoa, nikaifungia kabatini. Hilo angalau nimefanya kwa akili.

Kisha nimejaribu kurudisha programu ya zamani. Kwenye Linux programu zinakuja kwa vifurushi, na kila kifurushi kina orodha ya wenzake kinaowahitaji na orodha ya wale kisiokaa nao. Rejista ya zamani inataka maktaba za mfumo za zamani, yaani mafaili ambayo programu nyingine huyategemea. Maktaba hizo hazikai na mpya. Mpya nazo sasa zimebeba nusu ya mashine, maana nusu ilishapanda toleo kabla ya umeme kwenda. Nikiondoa hii, ile inaanguka. Nikiacha hii, ile haiingii. Nimezunguka humo hadi saa sita na sijasogea hata hatua.

Halafu nimekwenda kwa Daktari. Nimemwambia yote, nimesimama. Kwamba alinikataza. Kwamba nilifanya. Kwamba nakala ni ya Julai.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliuliza fomu ziko wapi. Nikasema Dar. Akapiga simu. Mfuko umepokelewa lakini haujafunguliwa, mwenye ufunguo wa stoo yuko semina Bagamoyo, atarudi wiki ijayo. Akaweka simu chini, akavua miwani, akainama akasugua macho.

"Kakesio hakuna simu, Aika. Gari ni moja. Maboma yametawanyika na nusu yao wameshahama. Niende wapi kwanza?"

Nikamwambia nitaifungua.

"Lini?"

Nikasema Ijumaa. Sijui kwa nini nilisema Ijumaa.

Mchana akaja Saning'o, mchanjaji wetu wa Kakesio, mtu wa kulekule. Wachanjaji walikuwa wawili. Mwenzake mkataba ulikwisha, akaenda kwao Singida, na namba yake haipatikani. Saning'o alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta kiti.

"Andika, dada Aika."

Nikachukua kalamu. Alifumba macho, akaanza. Boma la kwanza, ndama sita: mwekundu mwenye baka jeupe tumboni, mweusi wa mama aliyevunjika pembe, mapacha wa kijivu. Boma la pili, ndama kumi na mmoja. Siku gani, jua lilikuwa wapi, nani alimshika yupi. Hakusita hata mara moja. Saa mbili nzima niliandika, mkono ukafa ganzi. Maboma kumi na sita, yote aliyochanja yeye.

"Ya mwenzangu siyajui," akasema. "Tuligawana bonde. Nikikutajia nitakuwa nabuni."

Nimeona aibu. Nimetumia miaka miwili kuwaeleza watu kwamba kompyuta haisahau.

Alhamisi, 8 Septemba

Saning'o ameondoka alfajiri na dawa na orodha ya mkono, kwa pikipiki ya mradi. Maboma yake yatafikiwa kwa wakati. Yaliyobaki, ya yule mwenzake, ni kumi na tisa kwa kumbukumbu ya Daktari. Au kumi na nane. Hata hilo hatuna hakika.

CD za toleo la zamani ziko Arusha kwa Godlisten. Tulisoma wote kozi ya kompyuta, aliziazima kwangu mwaka jana akasahau kurudisha, na mimi nikasahau kudai. Nimempigia. Amezipata, akampa dereva wa watalii anayekwenda kreta ya Ngorongoro leo. Angezishusha ofisini kwetu saa sita.

Saa sita ikapita. Saa saba nikampigia dereva. Alikuwa ameshatupita. Wageni walikuwa na haraka, akasahau. Yuko njiani kupanda kwenda geti la Lodoare, na akishaingia atalala huko juu na wageni siku mbili.

Nilitoka mbio hadi barabarani. Nikapata lifti kwenye lori la mboga linalokwenda hoteli za juu. Nimekaa mbele, kreti la nyanya mapajani. Dereva wa lori, mzee wa Kiiraqw, aliniuliza kama kuna mgonjwa. Nikamwambia ndiyo. Akaongeza mwendo.

Getini magari yalikuwa kumi na kitu yamepanga foleni. Nyani wameketi juu ya magari. Nimegonga dirisha moja baada ya jingine mpaka nikampata, amesimama ofisini anaandikisha wageni wake. Alinitazama kama mtu aliyeona mzimu.

"Samahani sana, sista. Zimenitoka kabisa kichwani."

Sikumlaumu. Wiki hii sina ruhusa ya kumlaumu mtu kwa kusahau.

CD tatu, kwenye bahasha ya harusi ya mtu. Ya pili ina mchubuko. Nimerudi Karatu saa kumi na moja jioni nikiwa mwekundu wa vumbi hadi kwenye nyusi.

Ijumaa, 9 Septemba

Siku ya kumi na nne ya maboma ya kwanza. Leo ndiyo nilisema nitafungua.

Asubuhi nimefanya upumbavu wa pili. Haraka ilinishika. Nikailazimisha mashine ishushe maktaba kuu ya mfumo irudi ya zamani. Kuna neno moja unaongeza kwenye amri ili isikuulize maswali. Nililiongeza. Tangu hapo kila amri inagoma. Kuorodhesha mafaili, inagoma. Kunakili, inagoma. Hata kuzima imekataa, nimechomoa waya ukutani.

Nilikaa sakafuni nyuma ya mlango. Nililia, si kwa muda mrefu. Kisha nikakumbuka kabati. Data iko salama kwenye diski. Mashine hii si lazima iwe hai. Kinachotakiwa ni mashine yoyote, iliyo ya zamani tupu, isiyo na kitu kipya hata kimoja cha kugombana nacho.

Siku tatu nimepigana kupatanisha vifurushi viwili ndani ya nyumba moja. Suluhisho ni kukipa kimoja nyumba yake.

Mama Tarmo, karani wetu, ana kompyuta inayotumika kuandika barua tu. Nikamwomba. Akauliza barua zake zitakwenda wapi. Nikazinakili zote mbele ya macho yake, akazihesabu, akakubali. Nimefuta kila kitu, nikaanza upya na CD za Godlisten. Bila kulazimisha lolote. Swali likija nalisoma lote ndipo najibu.

Saa tisa mfumo unafanya kazi. Kimebaki kimoja tu, kifurushi cha rejista yenyewe. Kiko CD ya pili. Kiko juu ya ule mchubuko. Nimefuta CD kwa khanga, kwa pamba, kwa dawa ya meno kama Godlisten alivyonielekeza kwa simu. Inasoma hadi katikati kisha inakwama na kukoroma.

Nimekwenda kumwambia Daktari kwamba Ijumaa imenishinda. Alikuwa anapakia gari, amechoka kusubiri, aende akakisie maboma. Akanitazama.

"Uko karibu au unajipa moyo?"

"Kimebaki kifurushi kimoja, Daktari. Nimejua nakipata wapi."

Akashusha sanduku la dawa, akalirudisha kwenye friji.

"Kesho saa kumi naondoka. Na orodha au bila orodha."

Jumamosi, 10 Septemba

Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni pa intaneti kafe kabla mwenyewe hajafungua. Laini ni ya simu, ileile moja wanayogawana kompyuta nne. Vifurushi vya zamani bado vimehifadhiwa kwenye mtandao, kwenye ghala la matoleo yaliyopita. Ninachokitaka hakifiki hata megabaiti mbili. Kwa watu wa Ulaya ni dakika. Kwangu ilianza ikaonyesha saa tatu.

Ikakatika kwenye asilimia thelathini. Nikaiagiza iendelee ilipoishia. Ikakatika tena hamsini na moja. Kulikuwa na kijana wa kampuni ya utalii anatuma picha za tembo, picha moja kubwa kuliko faili langu lote. Nikamweleza habari ya ndama. Nilidhani atacheka. Mama yake ni wa Ololosokwan, wafugaji pia. Alisimamisha picha zake, akaenda kununua soda.

Saa sita kasoro imetimia. Nimeigawa kwenye flopi mbili, nikatembea ofisini nimezishika mkononi, sikuthubutu kuzitia kwenye begi.

Kifurushi kikaanza kuingia. Kikadai mwenzake mmoja: maktaba ya usimbaji, ile ya kuficha data kwa siri, toleo jipya kidogo kuliko lililo kwenye CD. Kidogo tu, tarakimu moja mwishoni. Zamani ningelazimisha. Nimerudi kafe. Saa nzima nyingine. Nimerudi ofisini.

Safari hii hakikudai mtu.

Nikatoa diski kabatini. Nikarudishia data. Nikaiwasha rejista, nikaweka mikono mapajani, nikasubiri. Nikauliza ina ndama wangapi.

409.

Niliuliza tena. 409.

Sikupiga kelele. Nilikwenda uani nikanawa uso kwenye pipa, nikarudi, nikachapa orodha ya yule mwenzake Saning'o. Maboma kumi na tisa, kwa mpangilio wa siku. Saba siku yao ilikuwa jana. Matatu kati ya hayo saba yalikuwa yamehama, na fomu ilisema wamehamia wapi.

Saa tisa na dakika arobaini nimemkabidhi Daktari. Amesoma amesimama kando ya gari. Kisha akafungua mlango wa upande wa pili.

"Panda. Wewe ndiye utakayesoma namba."

Tumelala Endulen, njiani.

Jumapili, 11 Septemba

Kwaya ya kanisani watakuwa wameniulizia. Nimeikosa ibada na sijutii.

Sikuwahi kufika Kakesio. Miaka miwili naandika jina hili kila wiki, na leo ndiyo nimeliona. Uwanda mweupe kwa ukavu, migunga, upepo usiokoma. Saning'o alitukuta njiani, pikipiki ina mkoba wa dawa nyuma. Maboma yake ya kwanza ameshayapita. Ndama wawili walikuwa na homa, amewachoma, wanasimama.

Tukaanza yale saba. La kwanza wazima wote. La pili mmoja masikio yamelala, tezi zimevimba chini ya sikio. Daktari akapima, akachoma. Mimi nasoma namba, Saning'o anageuza sikio, anaitika. La tatu wazima.

La nne ni la Mama Noorkishu. Mjane, wa kwanza bonde zima kukubali chanjo, wengine walipomwona ndipo wakaleta ndama zao. Hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye fomu, sehemu ya maelezo. Alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba yake, shanga shingoni, shuka la buluu. Saning'o akamwamkia kwa heshima, "Yeyo, takwenya." Akaitika, "Iko," lakini hakuinuka.

Ndama tisa kwenye rejista. Zizini tumekuta wanane. Wawili wamelala, pua zinatoka povu jepesi. Daktari akapiga magoti palepale.

Wa tisa amekufa jana asubuhi.

Mama Noorkishu alisema maneno kwa Kimaasai, polepole, akimtazama Saning'o. Saning'o hakutafsiri. Nikamwambia atafsiri.

"Anasema tulimwambia tutarudi siku ya kumi na nne. Alihesabu. Anasema oltikana, hiyo ndigana, ilikuwa inaua na sasa chanjo nayo imeua, majirani wamwulize nani sasa."

"Mwambie ni mimi."

"Dada Aika, si lazima."

"Mwambie majina ya wenye ndama yalikuwa kwangu. Nilikatazwa kugusa mashine, nikagusa, majina yakafungiwa ndani siku nne. Daktari angekuja Ijumaa. Mwambie chanjo haina kosa."

Saning'o akamwambia. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyosema mimi. Mama alisikiliza, akanitazama kwa mara ya kwanza. Akauliza kitu kifupi.

"Anauliza umetoka wapi leo."

"Karatu."

Kisha akasema kwa Kiswahili, mwenyewe, "Umekuja kusema?"

"Ndiyo, mama."

Hakunisamehe. Hakunitukana. Aliinuka akaenda zizini, akamshika kichwa yule ndama dhaifu zaidi ili Daktari amchome vizuri. Nikashika miguu. Tulikaa hivyo hadi dawa ikaisha kuingia.

Jumatatu, 12 Septemba

Maboma manne leo. Ndama mmoja mgonjwa. Wote hai.

Jumatano, 14 Septemba

Maboma kumi na tisa yamekwisha. Wagonjwa saba jumla upande huu, aliyekufa ni yule mmoja. Tumepita tena kwa Mama Noorkishu wakati wa kurudi. Mmoja kati ya wale wawili ananyonya. Wa pili amesimama, ananuna. Mama ametupa maziwa kwenye kibuyu. Alimpa Daktari kwanza, Saning'o, kisha mimi.

Jirani yake, mzee ambaye Agosti alikataa kabisa, alikuja kuuliza hereni zinabaki ngapi. Mama mwenyewe ndiye aliyemjibu. Sikuuliza alimwambia nini.

Jumatatu, 19 Septemba

Nimeijenga upya mashine kubwa tangu mwanzo. Toleo jipya, kifurushi kimoja baada ya kingine. Rejista ya zamani nimeitolea nakala kamili kwenye kompyuta ya Mama Tarmo ndipo nikaiingiza kwenye mpya, nikahesabu pande zote mbili. Zilipolingana ndipo nikazima ya zamani. Programu ya ripoti ya makao makuu imeingia bila swali. Imenichukua siku mbili za kazi. Ndivyo ingenichukua tangu awali.

Barua ya betri nimeandika. Ya kuomba fomu zibaki Karatu mwezi mmoja kabla ya kusafirishwa nimeandika pia, Daktari ametia sahihi zote mbili. Nakala ya akiba natengeneza kila Ijumaa, CD mbili, moja inalala ofisini, moja kwangu.

Mama Tarmo amehesabu barua zake. Zimetimia.

Jumatano, 21 Septemba

Siku za hatari zimepita kwa ndama wote. Saning'o ameleta daftari la ufuatiliaji, nimekaa nalo tangu asubuhi naingiza. Hai. Hai. Hai. Upepo umetulia kidogo, kuna wingu upande wa Oldeani.

Nimefika kwenye namba ya yule ndama. Hali: amekufa. Sehemu inayofuata inauliza sababu, na inataka ijazwe ndipo ikuruhusu kuendelea. Mfano ulioandikwa na makao makuu ni "athari ya chanjo".

Nilitoka nikanywa chai. Nikarudi.

Nimeandika: "Tulifika tumechelewa siku mbili. Rejista ilikuwa imeharibiwa na mtunza rejista." Nikaweka jina langu.

Daktari amepita nyuma ya kiti, akasoma kwenye kioo. Akasema nisisahau kuandika na rangi yake, maana Saning'o huwa anaiuliza. Mwekundu, paji jeupe. Nimeandika. Nimekwenda namba inayofuata.